Kidole Katikati ya Mstari

Siku Bashiran alipoumbuka, ndiye aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wenzake wote. Kitabu cha nyimbo za kanisani kilikuwa wazi mapajani mwake, kidole kinatembea kutoka kulia kwenda kushoto kama maandishi ya kwao yanavyotaka, na sauti imenyooka: ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukwama popote. Wanawake kumi na sita waliokaa naye mkekani, wafyatua matofali kama yeye, walimtazama kwa kijicho. Wengi wao walikuwa bado wanapigana na herufi ya tano.

Mwalimu Rebeka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama, akaweka kidole chake chembamba katikati ya mstari.

"Na hili? Neno gani hili?"

Bashiran alilitazama lile neno, nalo likamtazama.

"Ngoja nianze tena, dada mwalimu."

"Usianze tena. Hili."

"Dada mwalimu, hilo siwezi kulifikia kutokea hapo. Mpaka nije nalo tangu mwanzo."

"Halafu huo wimbo uko ukurasa wa arobaini," Rebeka alisema taratibu. "Hapa ulipofungua ni orodha ya majina ya nyimbo."

Wanawake walicheka hadi mmoja akalala chali. Bashiran alizijua nyimbo zile zote tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, kama wanavyozijua Wakristo wote wa matanurini. Aliona kitabu, aliona wimbo, akadhani kusoma ndiko huko. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imezunguka tanuri zima, na tangu siku hiyo akaitwa Bi Msomaji. Mama mkwe wake, Bibi Hanifan, ambaye alikuwa na meno manne tu lakini ulimi wote, ndiye aliyelitumia jina hilo kwa raha kuliko wengine.

Alikuwa na miaka thelathini na minane wakati huo. Alizaliwa palepale, kwenye vibanda vya tanuri la matofali kando ya barabara ya Kasur, mali ya Chaudhry mmoja, tajiri mwenye ardhi, ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona akishuka garini. Kukanda udongo alianza kabla hajang'oka meno ya utoto. Kazi yenyewe haina siri: unaamka gizani, unakanda udongo, unachuchumaa, unafinyanga tonge, unaligaragaza kwenye mchanga, unalibamiza ndani ya kalibu, unapindua. Hilo ni tofali moja. Familia ikifikisha elfu kwa siku, migongo yao inakuwa si yao tena. Udongo ulikuwa umekula mistari yote ya vidole vyake. Alipokwenda mjini kusajili laini ya simu, mashine ilikataa kidole baada ya kidole, hadi kijana wa duka akamuuliza kama ana vingine nyumbani.

Na mateso yote hayo yalikuwa kwa ajili ya harusi. Si ya mtu mwingine, ni ya kwake mwenyewe. Alipoolewa na Inayat Masih, ukoo wa mume ulichukua mkopo wa tanuri ili wageni wale wali wa nyama na bibi harusi avae nyekundu. Inayat, kijana wa miaka ishirini, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Wageni walikula siku moja. Wao walilipa miaka kumi na tisa, na deni lilikuwa nene kuliko siku lilipozaliwa, maana kila homa na kila msiba ulikwenda kukaa juu yake, pamoja na kila mvua iliyobomoa matofali mabichi. Mwenye deni haruhusiwi kuondoka. Akiumwa, mkewe anafyatua. Akifa, watoto wanaendelea alipoachia. Huo nao wanauita urithi, bila hata kuona haya!

Ndipo kanisa lilipofungua vyumba viwili vya nyuma. Kimoja kiliwekwa vyerehani sita, kingine mkeka na ubao. Rebeka, muuguzi mstaafu aliyekuja kutoka Lahore na sanduku moja na miwani miwili, alikuwa na sharti asilolegeza: hakuna mtu atakayegusa cherehani kabla hajasoma ukurasa mzima. Wanawake walinung'unika sana. Wamekuja kushona, wanafanywa watoto wa chekechea!

"Mkishona bila kusoma," Rebeka aliwaambia, "mtakuwa mmehama tanuri moja mkaingia jingine, ila hilo lina feni."

Inayat hakupendezwa hata kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hapendi kuona mwenzake anaanza jambo jipya.

"Unataka kuwa hakimu?" alimuuliza mkewe. "Kesho utaniandikia barua ya kunifukuza nyumbani."

"Nyumba gani, Baba Anila?" alijibu Bashiran akipepeta unga. "Hii si ya Chaudhry?"

"Mwacheni aende," alisema Bibi Hanifan kutoka kwenye kitanda chake cha kamba. "Nataka nione kama atafika ukurasa wa pili kabla sijafa."

Baada ya aibu ile ya orodha, mwingine angekaa nyumbani. Bashiran alirudi kesho yake. Rebeka hakumcheka. Alimwambia kwamba maneno tayari anayo kichwani, mamia kwa mamia, kilichobaki ni kuzijua sura zao. Basi wakaanza. Bashiran anaimba mstari, Rebeka anamkatiza na kuweka kidole katikati. Na hili? Na hili? Kidole kile hakikuwa na huruma. Bashiran alikiota usingizini. Alipokuwa akifyatua, kila tofali alilopindua aliliona kama neno linalongoja kuulizwa.

Neno la kwanza alilolitambua bila kulifuata tangu mwanzo lilikuwa udongo. Alilisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, kisha akavuta mtandio na kulia humo ndani. Rebeka alijifanya anafuta ubao.

Ilimchukua mwaka na miezi kufika kwenye ukurasa mzima. Siku hiyo alikabidhiwa cherehani namba nne, ile yenye pedali inayolia. Vidole vyake visivyo na mistari havikuisikia nguo mwanzoni, ikawa inamteleza. Lakini mikono iliyofyatua matofali ya kujengea nusu ya mji ule haishindwi na kola ya shati. Akashona sare za shule, kwanza kumi, kisha mia. Shule mbili zikampa kazi, na oda alizisoma mwenyewe. Binti yake Anila akamfuata, na huyo alikuwa na mkono mwepesi kuliko mama. Chama cha kanisa kikakaa na wenye tanuri mara nne kubishana juu ya deni, wakakubaliana kiasi, na Bashiran akakilipa kwa mashati. Miaka mitatu na nusu ya mashati.

Siku ya mwisho, Karani Mushtaq wa tanuri alilichana lile karatasi la zamani mbele yao. Mushtaq alikuwa mtu mnene, mwenye tabasamu na salamu kwa kila mtu. Hakuwahi kumpiga mfyatuaji hata mmoja, na alijisifia jambo hilo. Inayat alisimama kama mtu aliyevuliwa gunia mgongoni asijue mikono aiweke wapi.

"Nendeni salama," Mushtaq aliwaambia. "Mtarudi tu. Mna binti."

Bashiran aliyasikia maneno hayo, na furaha yake ilipata doa.

Walipanga vyumba viwili ng'ambo ya mfereji. Inayat alipata kibarua cha kupakia matofali kwenye malori, kwa malipo ya siku. Akitaka anakwenda, asipotaka haendi. Uhuru huo aliupenda. Asichokipenda ni vinywa vya wenzake. "Bwana Cherehani!" walimwita. "Leo umeshonewa nini?" Alicheka nao, lakini kile kicheko alikirudisha nyumbani kikiwa kimechacha.

Kisha Anila akaposwa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mchumba alikuwa Kamran, fundi pikipiki, mwana wa Mzee Yaqub, mlinzi wa ghala la pamba. Watu wema. Hawakutaja kitu chochote walichotaka binti aje nacho, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu asiyetaja kitu anakuachia wewe utaje vyote. Inayat alivitaja: kitanda, kabati, jokofu, mashine ya kufulia, pikipiki. Bashiran alikuwa na magodoro mawili ya pamba, seti tisa za nguo alizoshona kwa mkono wake, na cherehani mpya iliyofungwa kwenye shuka.

"Binti yangu aingie kwa watu na cherehani, kama fundi wa mtaani?" Inayat alifoka.

"Ni fundi wa mtaani," alijibu Bashiran. "Na mama yake pia."

Alidhani mazungumzo yameishia hapo.

Ilikuwa Jumamosi, siku tano kabla ya harusi, saa za jua zuri la mchana wa baridi. Ua ulikuwa umejaa wanawake wa darasa la Rebeka. Wengine walisaga manjano, wengine walipiga ngoma na kuimba nyimbo za kumsema bwana harusi. Anila alikaa katikati na hina mbichi mikono yote miwili, haruhusiwi hata kujikuna pua. Mzee Yaqub alikuwa amepita kuleta kanzu ya zamani ya mwanawe iwe kipimo, akalazimishwa akae anywe chai. Ndipo pikipiki ilipoguruma mlangoni, akaingia Karani Mushtaq na boksi la ladu, vitamu vya sherehe, kwapani.

"Inayat! Mwenye harusi! Mbona umejificha nyuma ya wanawake?"

Inayat alisimama upesi mno. Bashiran aliuona upesi huo, na moyo wake ukajua kabla ya kichwa.

"Harusi ya Anila ni harusi yetu sote," Mushtaq alisema, akigawa ladu kwa mkono wake mwenyewe. Bibi Hanifan alichukua mbili. "Chaudhry mwenyewe kasema, mtoto huyu kakulia kwenye udongo wetu, asiende kwa watu mikono mitupu." Akaweka bahasha juu ya kitanda cha kamba. "Laki tatu. Jokofu, pikipiki, na salio la kununulia mbuzi."

Ngoma ilinyamaza. Kutoka mfukoni Mushtaq akatoa karatasi lililoandikwa tayari na kibati cha wino.

"Baba Anila," Bashiran alisema. "Umefanya nini?"

"Nimefanya kama baba." Hakumtazama. "Ni mwaka mmoja, miwili. Sasa tuna cherehani, tutalipa haraka. Unataka waseme Inayat alimtoa binti yake kama anayetupa takataka?"

"Na mwaka mmoja ule wa kwanza ulikuwa na miezi mingapi?"

"Mama Anila, usinivunjie heshima mbele ya mkwe."

Tayari alikuwa ameligandamiza dole gumba kwenye wino. Lilikuwa buluu hadi kwenye kucha. Bashiran aliuona mkono ukishuka, na aliona kila kitu kikishuka nao, vyumba viwili, cherehani namba nne, miaka mitatu na nusu ya mashati. Akalichomoa karatasi chini ya kidole kabla hakijagusa.

"Nitalisoma kwanza."

Mushtaq aliangua kicheko cha kirafiki kabisa. "Bi Msomaji! Utalisoma au utaliimba?"

Watu wote wakacheka. Hata Mzee Yaqub alitabasamu ndani ya kikombe, maana kisa cha orodha ya nyimbo kilikuwa kimevuka hadi ng'ambo ya mfereji. Uso wa Bashiran uliwaka moto. Akalifungua lile karatasi, na moto ukageuka barafu. Halikuwa la chapa. Liliandikwa kwa mkono, maneno yamebanana na kuegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Yeye alikuwa amesoma vitabu na oda za shule, hakuwahi kusoma mwandiko wa karani.

"Mimi... I-na-yat... Masih..." alianza. "Mwana wa... Bar... Barkat..."

"Jua litatuzamia hapa, dada," alisema Mushtaq. "Anatunga huyu."

"Basi soma wewe, karani," Bibi Hanifan alisema, mdomo umejaa ladu. "Wewe msomi. Maliza upesi, watu wapate kula."

Mushtaq alilichukua na kulisoma mbio, sauti juu, kama garimoshi linalopita stesheni ndogo. "Mimi Inayat Masih mwana wa Barkat nimepokea rupia laki tatu kutoka tanuri nami nitazifanyia kazi pamoja na mke wangu hadi zitakapokwisha nimeweka dole gumba kwa hiari yangu. Haya! Mmesikia? Kuna nyoka humo?"

Hakuna aliyeona nyoka. Inayat alinyoosha mkono.

Lakini Bashiran alikuwa amesimama nyuma ya bega la karani, akifuata kwa macho. Aliona midomo ya Mushtaq imefika mwisho wa karatasi wakati macho yake yalikuwa bado katikati. Usomaji wa namna hiyo aliujua. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wake. Akapitisha mkono juu ya bega lile nene na kuweka kidole katikati ya mstari.

"Na hili, kaka karani? Neno gani hili?"

"Hayo ni maneno ya kisheria tu."

"Neno gani?"

"Ngoja nianze tena..."

"Usianze tena. Hili."

Mkekani mwanamke mmoja alipasuka kicheko, kisha mwingine, kisha wote kumi na sita. Wote walikuwa wamewahi kukaa chini ya kidole kile. Mushtaq alitazama juu, akatazama chini, akasema jua linampiga machoni. Bashiran akalitwaa karatasi kutoka mkononi mwake. Sasa hakuwa na haraka. Kidole chake kigumu, kisicho na mistari, kilianza kutembea, na ua wote ulinyamaza hadi ikasikika pedali ya cherehani ya jirani.

"...pamoja na mke wangu... na binti yangu... A-ni-la... na mumewe... Ka-m-ran... mwana wa Ya-qub... na watoto... wata-ka-o-zaliwa kwao. Hakuna... atakayeondoka... hadi zitakapokwisha."

"Mama," Anila aliita, mikono yake ya hina imening'inia hewani. "Soma tena pale penye jina langu."

Alisoma tena. Mara ya pili hakukwama.

Mzee Yaqub aliweka kikombe chini, akasimama. "Jina la mwanangu limefikaje humo?"

"Ni desturi tu, mzee wangu," Mushtaq alisema. "Vitu si vinakwenda kwenu? Jokofu si mtalitumia ninyi?"

"Kwa hiyo mwanangu akafyatue matofali, na mjukuu wangu akafyatue matofali, ili mimi ninywe maji ya barafu?" Mzee alimgeukia Bashiran. "Mama Anila, mimi nilisema nataka jokofu?"

"Hukusema, mzee."

"Pikipiki nilisema?"

"Hukusema."

"Kamran anatengeneza pikipiki za watu mchana kutwa. Akifika nyumbani hataki hata kuisikia ikiitwa jina."

Watu walicheka, lakini Inayat hakucheka. Alikuwa amesimama palepale, dole gumba la buluu limeinuka mbele yake kama la mtu anayeomba lifti. Alilitazama muda mrefu.

"Lile la kwanza," alisema hatimaye. "Lile la harusi yetu. Nalo liliandikwa hivi?"

Karani alianza kufunika kibati cha wino.

"Nakuuliza, Mushtaq." Hakumwita bwana karani. Miaka ishirini na tano alimwita bwana karani, na siku hiyo neno likabaki kinywani. "Nalo lilisema watakaozaliwa?"

"Yote yanaandikwa hivyo. Kila mtu anajua."

"Nani anajua? Mimi sikujua!" Sauti ilimpasuka. "Nilikuwa kijana, nimevaa shada la maua shingoni, ukaniambia weka hapa. Mtoto wangu alikuwa bado hata tumboni hajaingia, na mimi nimeshamtia humo kwa kidole hiki!"

Bashiran alitaka kumshika mumewe mkono pale mbele ya watu, jambo ambalo kwao halifanywi. Akalifanya. Wino ukampaka na yeye.

Inayat alikwenda kwenye ukuta wa udongo, akasugua dole gumba lake juu yake kwa nguvu, huku na huku, hadi ukuta ukabaki na mstari mrefu wa buluu. Kisha akachukua bahasha juu ya kitanda akaitia kwenye mfuko wa kanzu ya Mushtaq kwa adabu zote.

"Pesa zako hizo. Ladu mwachie mama, ameshazionja."

"Mtarudi, Inayat," Mushtaq alisema mlangoni, na safari hii tabasamu lilikuwa halikai vizuri usoni.

"Tutarudi, kaka," Bashiran alimjibu. "Tutakuja kununua matofali. Nataka kujenga."

Mayowe ya shangwe waliyopiga wale wanawake yalisikika hadi tanurini. Watu waliacha kalibu zao wakauliza kuna nini, na kabla ya jioni walikuwa wameshaambiwa. Vibandani kwao wanaume walikaa, kila mmoja anakumbuka siku yake ya shada la maua.

Alhamisi Anila aliolewa. Alivaa nyekundu iliyoshonwa na mama yake, na wanawake kumi na sita kila mmoja aliweka mshono wake kwenye pindo, wengine mshono ulionyooka na wengine ule wa kusamehewa. Wageni walikula dengu na wali, na nyama ilikuwa ya kutafuta. Hakuna aliyeondoka na njaa. Mchungaji alipofungua daftari la ndoa, kwa mazoea ya miaka mingi akamsogezea Inayat kibati cha wino.

Inayat alirudisha mkono nyuma. "Mchungaji, nisamehe. Kidole changu kimestaafu. Aandike mama yake."

Bashiran aliandika. Herufi zilikuwa kubwa, zikatoka nje ya kisanduku chake, na kazi ilichukua muda mrefu kiasi cha wali kuanza kupoa. Watu mia moja na zaidi walingoja, na Bibi Hanifan, ambaye katika maisha yake hakuwahi kungoja chakula, aliwanyamazisha waliokohoa. Bi harusi aliondoka na bajaji iliyopambwa maua ya manjano, yeye nyuma na mumewe, na cherehani katikati yao kama mtoto wa kwanza.

Jumanne iliyofuata darasa la Rebeka halikutosha mkeka. Wafyatuaji wanaume tisa walikuja kutoka tanurini, wamenawa hadi masikioni, wakakaa nyuma karibu na mlango ili wakiaibika wakimbie. Inayat alikuwa wa kumi. Rebeka alikuwa na mafua, hivyo kundi la nyuma alimwachia Bashiran.

Inayat alifungua kitabu cha nyimbo. Alikaa sawasawa, akakohoa, akaanza: ubeti wa kwanza, wa pili, sauti nzito, bila kukwama. Wenzake walimtazama kwa kijicho.

Bashiran alikuja nyuma yake taratibu, akaweka kidole katikati ya mstari.

"Na hili?"

Inayat alikatisha wimbo. Wanawake wakaziba midomo kwa mitandio. Aligeuka akamtazama mkewe, akarudi kwenye ukurasa, na dole gumba lake, lililokuwa bado na buluu kuzunguka kucha, likaanza tangu mwanzo wa mstari, neno kwa neno, akiimba kwa sauti ya chini kabisa hadi akafika pale kilipo kidole cha Bashiran.

"Nyumbani," alisema.

Bashiran akasogeza kidole kwenye neno linalofuata.